Kutu ya Kijani Si Ushahidi: Nilivyozichambua Sarafu Zangu za Kale za Kichina

Karibu kila niliyemwonyesha sarafu nilizonunua katika soko la vitu vya kale mjini Guangzhou alinipa ushauri uleule: tazama kutu ya kijani, ikiwapo sarafu ni ya kale. Ushauri huo unakera, kwa sababu kutu ya shaba huweza kutengenezwa kwa tindikali kwa muda mfupi, na mara nyingine huwa ni rangi tu iliyochanganywa na gundi. Pamba niliyoilowesha kwa asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, ilizifichua mbili papo hapo, maana "kutu" ilihamia kwenye pamba ikaacha shaba inayong'aa.

Sarafu zenye tundu la mraba husomwa juu, chini, kulia, kisha kushoto, ingawa nyingine huzunguka kama saa. Nyingi kati ya zangu ziliandikwa Qianlong Tongbao, yaani za enzi ya mfalme Qianlong, 1736 hadi 1795, na nyuma zina maandishi ya Kimanchu yanayotaja kiwanda zilikotoka. Lakini mwenye kughushi naye anajua kuandika, kwa hiyo mimi huanzia ukingoni. Sarafu hizi zilisubiwa katika kalibu, kisha zikatungwa nyingi pamoja kwenye ufito wa mraba na kusuguliwa kingo kwa tupa, na kwa lenzi nzuri mikwaruzo ya tupa huonekana. Iliyosubiwa kwa kuigiza sarafu nyingine hutoka ndogo kidogo, na herufi zake huwa butu, kwa kuwa madini husinyaa yanapopoa. Wanaosema kwamba kila inayovutwa na sumaku ni bandia wanasahau kwamba enzi ya nasaba ya Song ilitoa sarafu za chuma, na enzi ya mfalme Xianfeng katika karne ya 19 vilevile.

Kazi ninayojivunia ni ya sarafu mbili za fedha zenye picha ya Yuan Shikai, rais wa China wakati huo, zilizoandikwa mwaka wa 3 wa Jamhuri ya China, yaani 1914. Muuzaji alizigonga zikalia vizuri, na zote mbili zilikuwa na uzito unaokubalika wa gramu 26 na ushei. Mizani ya jikoni haikunifaa kwa kuwa husoma gramu nzima tu, nikaazima ya sonara inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Niliweka juu yake glasi ndogo ya maji, nikairudisha kwenye sifuri, kisha nikaishusha sarafu kwa uzi mwembamba hadi ikazama yote bila kugusa kitako wala ubavu wa glasi. Tarakimu inayotokea hapo ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Ya kwanza, yenye gramu 26.72, ilisoma 2.60, na ukigawanya uzito wa sarafu kwa tarakimu hiyo unapata karibu 10.3, yaani ni nzito mara 10.3 kuliko maji ya ujazo uleule, kiwango hasa cha fedha ya asilimia 90 iliyochanganywa na shaba. Ya pili, yenye gramu 26.60, ilisoma 3.05, ambayo ni 8.7 tu. Hiyo ni shaba iliyopakwa fedha, na muuzaji alinirudishia pesa yangu baada ya kuonyeshwa hesabu mezani kwake.

Anayeanza anunue kwanza Yuanfeng Tongbao za enzi ya Song, za 1078 hadi 1085. Zimesalia nyingi mno, bei yake ni ndogo, na waghushi hawana sababu kubwa ya kuhangaika nazo.