Flashi Niliyoichagua kwa Shingo Yake

Mwaka 2014 nilikuwa na kamera ya Canon EOS 600D, lenzi yake ya milimita 18 hadi 55, na ahadi niliyompa mdogo wangu kwamba picha za sherehe ya harusi yake, usiku, ukumbini, nitazipiga mimi. Akiba niliyokuwa nayo ilitosha flashi moja tu ya bei nafuu. Hapakuwa na fungu la pili la kurekebishia uchaguzi mbaya.

Flashi ile ndogo inayochomoza juu ya kamera nilikuwa nimeichoka. Namba yake ya nguvu, inayoonyesha mwanga wake unafika umbali gani, ni 13 kwa ISO 100 (ISO ni unyeti wa kamera kwa mwanga), ambayo ni kidogo, lakini udogo si ubaya wake mkubwa. Ubaya ni mahali ilipokaa: juu kidogo ya lenzi, ikitazama mbele tu. Mwanga unampiga mtu usoni kwa nguvu, paji na pua vinang'aa, mashavu yanakuwa bapa, na watu walio nyuma yake wanamezwa na giza. Hata macho mekundu yanatokana na hapo: mwanga unaingia kwenye mboni na kurudi kwa njia ileile hadi kwenye lenzi, ukiwa na rangi ya damu iliyo nyuma ya jicho. Na ngozi nyeusi, kama za familia yetu, ndizo zinazodhulumiwa zaidi. Uzuri wake huonekana mwanga unapozipitia kwa pembeni na kuacha kivuli laini shavuni. Nilitaka mdogo wangu aonekane hivyo katika picha zake, na nilikuwa tayari kujinyima vitu vingi kwa ajili hiyo.

Mzee aliyekuwa akinifundisha kupiga picha alikubali tukae siku moja tulinganishe. Mezani kwake zikakusanyika flashi tatu, zote ndani ya uwezo wangu: moja kuukuu ya enzi za filamu, yake mwenyewe, aliyokuwa tayari kuniachia, nyingine Canon Speedlite 270EX II iliyotumika, ambayo rafiki yake alikuwa akiiuza, na ya tatu Yongnuo YN560 III, mpya.

Nikaishika ile kuukuu. Ilikuwa nzito, ya kuaminika mkononi.

"Usiipachike kwenye kamera yako, mwanangu. Subiri kwanza," akasema.

Akaitia betri, akaiwasha, akangoja taa yake ndogo ionyeshe kwamba imejaa chaji. Kisha akachukua multimita, ncha nyeusi akaigusisha kwenye chuma cha ubavuni pa kitako, nyekundu kwenye pini ya katikati. Kioo kikasoma zaidi ya volti 200. Akanieleza kwamba kamera za filamu alizozitumia nazo zilikuwa na swichi ya chuma inayogusana shata, yaani pazia linaloingiza mwanga, inapofunguka, na chuma hakijali umeme wa kiasi hicho. Kamera ya kidijitali hufyatua flashi kwa sakiti ya elektroniki. Zipo zinazostahimili hadi volti 250, na zipo ambazo watengenezaji wake waliweka kikomo cha volti 6 tu. Flashi mbili za kisasa alipozipima zilisoma volti chache mno. Ile kuukuu akairudisha kabatini bila maneno mengi. Tangu siku hiyo, mtu akinionyesha flashi ya urithi, swali langu la kwanza ni kama imepimwa.

Zikabaki mbili, na hapo ndipo palikuwa pagumu.

Ile Speedlite ilinivutia sana. Ilikuwa nyepesi, ikila betri mbili tu za AA, na ilikuwa na TTL. Yaani ukibonyeza, flashi hutoa kwanza mmweko mdogo, kamera inaupima ulivyorudi kupitia lenzi, inakadiria nguvu inayofaa, halafu ndipo mmweko wenyewe unatoka na picha inapigwa. Yote hayo hutokea upesi kiasi kwamba jicho huona mwako mmoja. Kwa mtu anayekwenda kupiga picha watu wanaocheza, wanaokaribia na kutokomea, msaada huo si mdogo. YN560 III haikuwa na kitu hicho. Nguvu unaipanga mwenyewe kwa vitufe, kuanzia 1/1, yaani nguvu yote, hadi 1/128, na ukisogea karibu na mtu ukasahau kupunguza, picha inaungua, yaani inakuwa nyeupe kupita kiasi.

"Elekeza kichwa juu, upige dari," mzee akaniagiza, Speedlite ikiwa kwenye kamera. Nikafanya hivyo, yeye akiwa ameketi mbele yangu. Nilipoitazama picha nilishangaa. Mwanga ulimshukia kama wa dirisha kubwa, kofia yake ikiwa na kivuli chepesi na ukuta nyuma yake ukionekana vizuri.

"Sasa nipige picha ya wima."

Nikaigeuza kamera. Kichwa cha flashi nacho kikalala ubavu, kikawa kinatazama ukutani, kwa sababu kinainuka tu, hakizunguki. Ukuta ule ulikuwa na rangi ya kijani, na mzee akatoka kijani upande mmoja wa uso. Picha za harusi nyingi ni za wima: bibi harusi amesimama, wawili wameshikana, mama na mwanawe. Kwa flashi hiyo ningekuwa na dari kwa picha za mlalo tu.

Akaipachika YN560 III. Kichwa chake kiliinuka hadi nyuzi 90 na kuzunguka nyuzi 270 kwa jumla. Kamera ikiwa mlalo, kilitazama dari. Ikiwa wima, nikakizungusha, kikatazama dari ileile. Ningeweza hata kukigeuzia nyuma, mwanga ugonge ukuta mweupe ulio mgongoni kwangu na kurudi ukiwa umetawanyika.

"Kwa pesa ndogo nunua shingo," mzee akasema. "Hesabu utajifunza."

Na hesabu tukaifanya palepale, kwa sababu alijua kwamba nilihofia kukosa TTL. Namba ya nguvu ya flashi hii ni 58, lakini hiyo ni kichwa kikiwa kimebana mwanga kwenye milimita 105. Ukikifungua hadi milimita 35, inashuka chini ya 40. Wauzaji hupenda kutaja ile kubwa, kwa hiyo ukilinganisha flashi mbili hakikisha namba zote ni za milimita zilezile na ISO ileile. Tukachukua 36 ili hesabu iwe nyepesi. Gawanya kwa 4, yaani tundu la lenzi likiwa f/4, unapata mita 9 za kumulika mtu moja kwa moja kwa ISO 100. Panda hadi ISO 400, mita zinakuwa 18. Dari nyeupe inakula sehemu kubwa ya mwanga, tuseme robo tu ndiyo inayomfikia mtu, na robo ya mwanga maana yake ni nusu ya umbali: mita 9 tena. Safari ya mwanga kwenda darini na kushuka ilikuwa kama mita 5 pale tulipokaa. Kwa hiyo nguvu ilikuwa ya kutosha na kuzidi; ningeweza kupiga kwa 1/2, flashi ikajaa upesi na betri zikadumu. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Kitu nilichokuwa nimekiona kama bahati nasibu kilikuwa kugawanya na kuzidisha.

Tena dari ina faida nyingine kwa mtu asiye na TTL. Mtu akisogea hatua moja mbele au nyuma, njia ya mwanga kupitia darini haibadiliki sana, kwa hiyo hulazimiki kugusa vitufe kila dakika.

Nikaichukua YN560 III. Mzee akanisisitizia ninunue na betri nne za kuchaji za NiMH, pamoja na seti ya akiba. Zinaonyesha volti 1.2 badala ya 1.5, ila zinatoa umeme wake kwa kasi zaidi kuliko alkali, na flashi hujaa mapema.

Alasiri ya harusi nilifika ukumbini mapema kutazama dari. Ilikuwa nyeupe, si ya juu sana. Nikapanga f/4, ISO 800, shata 1/60 ya sekunde, flashi 1/8, nikampiga mhudumu aliyekuwa akipanga viti, nikaridhika. Lenzi yangu haikuweza kubaki f/4 nikiivuta, kwa hiyo nilikaa kwenye milimita za chini na kuwasogelea watu kwa miguu. Shata ya 1/60 ilikuwa kwa ajili ya taa za ukumbi: flashi inamaliza kazi yake kwa muda mfupi kuliko huo, lakini mapambo na taa za nyuma zinahitaji shata ikae wazi ndipo zionekane. Kwa kamera yangu kikomo cha juu kilikuwa 1/200. Ukipita hapo, pazia la shata hukata picha na kuacha mstari mweusi.

Muziki ulipokolea vidole vyangu vilikuwa vimeshazoea: wima, zungusha, mlalo, rudisha. Wazee walioketi pembeni nikawapiga kwa kuelekeza kichwa kwenye ukuta mweupe wa kushoto, na mwanga ukawapitia usoni kwa ubavu, kila mkunjo ukiwa na nafasi yake. Picha ya mama akimrekebishia mdogo wangu shela ni ya wima. Nguvu 1/8, dari.

Mzee alipoziona, alikuza nyuso moja moja akitafuta paji lililoungua. Aliliona kwa watu waliokuwa karibu sana na ukuta, akaniambia pale nishuke hadi 1/16. Kisha akanikumbusha kwamba ndani ya YN560 III kuna kipokezi cha redio, kinachoelewana na RF-603, kifaa cha kufyatulia flashi kutoka mbali. Mwezi uliofuata niliagiza moja ya kuweka juu ya kamera, tukaanza kuiondoa flashi kwenye kamera kabisa.