Goti lilivyonigomea nikajikuta naigiza

Siku hizi nikipita mtaani watoto wananiita kwa jina la yule mama muuza samaki wa kwenye tamthilia na watu wanadhani nimeanzia kwenye uigizaji, kumbe mi ni dansa jamani, nimekula kwa miguu miaka kumi na kitu, na hata hiki kiuigizaji mnachokiona kimetokea miguuni hukohuko. Madansa wadogo wananiuliza kila siku dada ulivukaje, nimeshatuma voisi noti mpaka sauti imekauka, bora niandike mara moja.

Nimekulia Mbagala. Mtoto wa Mbagala wa miaka ile mdundiko ukipita huulizi unaenda wapi, unaunga tu. Kuna shughuli ya mwali, ngoma zinabebwa zinapigwa hukuhuku watu wanatembea, vumbi tupu, akina mama wamejifunga khanga viunoni, we mtoto umetumwa chumvi na hela umeishika mkononi lakini miguu imeshachukuliwa. Siku moja niliungia Kizuiani nikaja kushtuka giza linaingia niko huko karibu na Kongowe, sijui njia, kandambili imekatika, chumvi sina na hela sina. Nyumbani washatangaza mpaka msikitini kwamba mtoto kapotea. Kipigo nilichopigwa na mama siku ile nakikumbuka, ila ukiniuliza ngoma ile ilikuwa inalia vipi naweza kukupigia hapa mezani mwanzo mpaka mwisho.

Mama hakutaka kabisa mambo ya kucheza, kwake dansa na mhuni ni neno moja. Aliyenitetea ni mjomba, ndo akanilipia nikaenda Bagamoyo, pale TaSUBa, wazee bado wanapaita Chuo cha Sanaa maana kilianza 1981 kwa jina hilo na walimu wengi wa mwanzo walitoka kwenye vikundi vya sanaa vya taifa, watu waliotembea nchi nzima kukusanya ngoma. Nilifika ule ukumbi wa zamani ulishaungua tangu 2002, tukawa tunasimuliwa tu na waliouona.

Nilienda nikijua nacheza. Wiki ya kwanza nikagundua sijui kitu. Sindimba ya Wamakonde nilikuwa naiona kwenye tivii naona ni kiuno tu, kumbe kiuno ni matokeo, kazi iko kwenye magoti na nyayo, ukisimama umenyooka kama mlingoti kiuno kitakatika wapi? Bugobogobo ya Wasukuma ndo ilinitoa jasho, unacheza na jembe, unalirusha, linazunguka juu, unalidaka bila kupoteza hatua, na jembe ni jembe kweli sio la maboksi. Nilikoswakoswa na la mwenzangu sentimita chache kwenye sikio. Halafu muheme wa Wagogo, wanawake ndo wapiga ngoma, ngoma umeibana katikati ya mapaja, hapo nikajifunza kwamba mtu anaweza akawa karibu ametulia tuli na bado ukumbi mzima unamwangalia yeye. Hilo la muheme sikulielewa siku ile, nimekuja kulielewa baadaye sana.

Mwalimu wetu wa ngoma alikuwa na tabia moja ya kuudhi. Tukishashika stepu vizuri anabadilisha mpigaji bila kutuambia, yule mpya anachelewesha ile milio ya kuashiria mabadiliko, na sisi tumeshakariri hesabu, nane nne nane, tunavunja kabla ya wakati, tunagongana kama kuku. Anacheka, anasema "Nani amekuita? Ngoma imekuita? Rudi." Kwake kuhesabu ilikuwa dhambi, unatakiwa usikilize ngoma kubwa ikikuita ndo ubadilike, isipokuita unabaki hapohapo hata kama umechoka. Tulimchukia. Sasa hivi nikimkuta namshikia shikamoo kwa mikono miwili.

Nikarudi Dar, nikaingia kazini. Hoteli za beach usiku wa wageni, harusi, kampeni, uzinduzi wa bidhaa, na video za bongo fleva, zile za kusimama nyuma ya staa. Hela ya video ilikuwa elfu kumi na tano, ukibahatika ishirini, unaitwa saa kumi na mbili asubuhi mnaanza kushuti saa tisa mchana kwa sababu staa hajaamka, chips mayai moja mnagawana wawili, na mwisho wa siku unaambiwa hela kesho. Kesho ya hawa watu ni ndefu. Kuna mmoja namdai mpaka leo, simtaji, akisoma anajijua.

Kipindi kile Bongo Movie ilikuwa juu kweli, madansa wengi tulikuwa tunaikodolea macho tukiamini siku moja utaitwa. Aprili 2012 nilikuwa Leaders Club tulipomuaga marehemu Kanumba, yule mwigizaji, sijawahi kuona watu wengi namna ile kwa ajili ya msanii, watu wamepanda juu ya miti, watu wanazimia. Nilisimama pale nikawaza kumbe mtu anaweza kuigiza tu na akawa ndugu wa nchi nzima. Ila kuanza mi mwenyewe sikuthubutu. Miguu ilikuwa inalipa kodi, nikaiacha iendelee.

Goti lilinigomea kwenye harusi. Ukumbi una vigae, tena wamemwagia maji ya maua sijui nini, natua kutoka kwenye kuruka nikasikia "tak" ndani ya goti, sauti ndogo tu kama kuvunja kijiti. Nikamaliza shoo nikitabasamu, hivyo ndivyo tulivyo, usiku goti limekuwa kama nazi. Nikaenda kwa mkandaji, akakanda, likazidi. Mwezi mzima nakandwa na kitu ambacho hakitakiwi kukandwa! Nilipofika hospitali daktari akaniambia gegedo la ndani ya goti limechanika na lingekuwa nafuu kama ningekuja mapema, akaniuliza huwa mnachezea sakafu gani, nikasema saruji na vigae, mazoezi tunafanyia barazani kwa mtu, akatikisa kichwa tu. Sakafu ya mbao inabonyea kidogo ukitua. Saruji haibonyei, kwa hiyo kinachobonyea ni wewe. Hakuna aliyewahi kuniambia hilo na nilikuwa nimeruka juu ya saruji karibu miaka saba.

Miezi minane sikucheza. Nilikaanga samaki na mama, kweli kabisa, meza nje ya nyumba, sina hata pa kuficha uso madansa wenzangu wakipita.

Ndo rafiki yangu mmoja anayefanya mekapu akaniambia kuna usaili wa tamthilia, nenda. Nikaenda. Nikakosa. Nikaenda mwingine, nikakosa. Wa tatu dairekta akanionea huruma akaniambia ukweli, akasema dada mbona unacheza? Nikasema sichezi kaka, naigiza. Akanionyesha kwenye monita. Aibu. Macho yanazunguka, nyusi zinapanda, mikono haitulii, na mbaya zaidi mwenzangu hajamaliza sentensi yake mimi sura imeshakasirika, maana nimekariri skripti, najua atanitukana kwa hiyo nishanuna kabla sijatukanwa.

Nilirudi nyumbani na daladala nimesimama mpaka Mbagala Rangi Tatu, na kwenye foleni pale Mtoni kwa Azizi Ali ikanijia sauti ya yule mzee wa Bagamoyo, "Nani amekuita?" Nikacheka peke yangu, konda akaniangalia. Maana ndo kosa lilelile! Nilikuwa nahesabu. Nane nne nane, yeye anasema hivi, mimi nasema hivi, simsikilizi, nasubiri zamu yangu ifike. Mwenzangu ndo ngoma kubwa. Asiponiita nibaki hapohapo.

Basi nikaanza kufanya zoezi na mdogo wangu, nampa skripti asome maneno ya mtu mwingine lakini namwambia kila mara abadilishe, mara aseme taratibu, mara anyamaze katikati, mara acheke pasipochekesha, na mimi ni marufuku kujibu mpaka kitu kinigonge kweli. Alikuwa ananiona chizi. Wiki tatu tulifanya hivyo usiku baada ya kuosha vikaango.

Usaili wa nne ukawa, amini usiamini, mama muuza samaki. Ningeweza kwenda nikaigiza mama yangu nikamaliza, lakini huyu wa kwenye skripti ananunua Feri, lile soko la samaki la Dar, kwenye mnada na kubeba mwenyewe, kwa hiyo nikadamka saa kumi usiku siku mbili nikaenda Feri kuangalia tu. Sikuangalia sura, niliangalia miguu. Wanawake wale wakishajitwisha beseni hawatui kwa kisigino, sakafu ina maji na magamba, wanapapasa kwanza kwa mbele ya unyayo halafu ndo uzito unashuka, na shingo haigeuki, mtu akimwita anageuka mwili mzima kama mlango. Nikasema hiyo ni ngoma kabisa, ina stepu zake. Na kwa goti langu bovu mwendo ule ulinifaa kuliko kitu chochote.

Kwenye usaili niliingia nikatembea hatua sita nikatua beseni, nikakaa kimya namsikiliza yule kijana anayenikopa samaki mara ya tatu bila kulipa. Kimya kile cha muheme, mapaja yamebana, mabega yametulia. Alipofika pale anaposema "mama si unanijua lakini" ndo ikanigonga, nikamjibu. Dairekta hakusema kitu, aliandika tu. Jioni nikapigiwa simu.

Kuhusu hela niseme haraka maana hili hamlipendi. Sasa hivi siendi location bila karatasi, hata ya ukurasa mmoja iliyoandikwa siku ngapi, kwa siku shilingi ngapi, lini inalipwa, nauli ya usiku ni ya nani. Nusu naomba mbele. Wapo walioniambia najifanya staa, wakachukua mwingine, sawa. Nina daftari, naandika kila siku niliyofanya kazi na jina la aliyenipigia simu, na hilo daftari limeshanilipia madeni mawili bila kugombana na mtu, nalifungua tu mbele yake.

Na goti, sijaacha kucheza kama wengine wanavyosema. Napasha mwili dakika ishirini kabla, najiegemeza ukutani kama nimekaa kwenye kiti hewani mpaka mapaja yawake moto, barafu baada ya shoo, na kuruka kwenye vigae hapana, wakitaka waniletee mkeka au zulia. Mazoezi yangu na wasichana wa mtaani Jumamosi tunafanyia mchangani, uwanja wa shule. Wanalalamika mchanga mzito. Ndo vizuri.

Episodi ya kwanza ilipotoka tulikaa sebuleni wote, mama yuko kwenye mkeka anachambua mchele, anajifanya haangalii. Nikatokea na beseni kichwani nashuka ngazi za Feri. Mama akaacha mchele. Akaangalia mpaka tangazo, akasema, "Mbona unatembea kama bibi yako mzaa baba?" Bibi huyo alifariki sijazaliwa, alikuwa anauza dagaa Kilwa. Nikamwambia mama mi sijamwona bibi. Akasema najua. Akarudi kwenye mchele wake, halafu baada ya muda kidogo akauliza wameshanilipa au bado.

Nikamwonyesha daftari.