Tromboni ya Usharika na Mashairi ya Amiri Baraka: Moshi Hadi Kaloleni

Konda wa Kosta alitaka sanduku la tromboni lilipiwe nauli ya mtu mzima. Mzee hakubishana naye. Alilipakata tangu stendi ya Moshi, akasema hii ni mali ya usharika na haiendi kwenye buti. Konda akacheka, akatuachia.

Tulikuwa tunakwenda Arusha kumkumbuka mtu ambaye mzee hakuwahi kumsikia. Amiri Baraka, mshairi Mmarekani mweusi aliyesoma mashairi yake pamoja na wapiga jazi, alizaliwa Newark, New Jersey, Oktoba 7, 1934, akiitwa LeRoi Jones, na akafariki Januari 9, 2014. Vijana fulani wa Arusha wanaochana walikuwa wameniomba niwasomee mashairi yake kwa Kiswahili siku yake ya kuzaliwa, nije na mpiga ala wa kweli, si biti ya kwenye simu. Kwa Moshi sikuona wa kumpita mzee huyu, aliyepuliza kwenye matarumbeta ya Kilutheri tangu ujana wake. Harusi, misiba, Pasaka alfajiri, kote kapita. Jazi ndiyo hajawahi kuigusa.

Tulipovuka Boma Ng'ombe nikampa upande mmoja wa spika za masikioni. Niliweka rekodi ya 1964 ya kundi la New York Art Quartet: Roswell Rudd kwenye tromboni, John Tchicai (baba Mkongo, mama Mdenmaki) kwenye saksafoni, Lewis Worrell kwenye besi, Milford Graves kwenye ngoma. Katikati yao Baraka anasoma shairi lake "Black Dada Nihilismus". Anasoma kwa sauti tulivu, hapandishi hata pale maneno yanapotaka damu, na muziki unamzunguka bila kumbana. Husikii kama kuna aliyepangiwa apige nini. Shairi lenyewe ni kali mno. Mimi siwezi kulighani mbele ya watu wazima nikawatazama usoni. Nilishukuru kwamba Kiingereza cha mzee si kingi.

Alisikiliza hadi Kikatiti macho kayafumba. Kisha akaniuliza, "Huyu wa tromboni, mwalimu wake nani?"

"Sijui, mzee wangu."

"Basi ama hajui noti, ama anazijua mpaka zimemchosha." Akairudisha mwanzo, mwenyewe.

Maji ya Chai nikamwonyesha upande wa Imbaseni. Huko ndiko Pete O'Neal, aliyeongoza tawi la Kansas City la Black Panther, chama cha kupigania haki za weusi wa Marekani, alikoweka makazi baada ya kuikimbia Marekani, na mkewe Charlotte, Mama C, anaghani mashairi yake huku akipiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo. Kwa hiyo ushairi wa namna hii si mgeni kabisa katika barabara ya Moshi kwenda Arusha. Hata X Plastaz, waliochanganya kuchana kwa Kiswahili na uimbaji wa Kimaasai, walitokea mji huuhuu.

Usa River foleni, Tengeru foleni. Tuliyaacha.

Kwa kuwa shughuli ilikuwa ya jioni, tulishukia karibu na mnara wa Mwenge, tukaingia Makumbusho ya Azimio la Arusha pale Kaloleni. Mzee alitaka kupumzika. Mimi nilikuwa na sababu yangu. Baada ya ghasia za Newark za Julai 1967, ambamo polisi walimpiga Baraka hadi damu ikamtoka kichwani na kumkamata, aliingia kwenye Kawaida, harakati za Maulana Karenga za kuwarudisha Wamarekani weusi kwenye utamaduni wa Kiafrika. Akaitwa Imamu. Wafuasi wake wa Newark wakawa wanaamkiana kwa Kiswahili, na miongoni mwa misingi saba ya Kawaida waliyojifunza mmoja ulikuwa Ujamaa, ambao Nyerere alikuwa ameuandikia tangu 1962. Mmoja wa watoto wake Baraka alimpa jina Ras Jua. Ndiye Ras Baraka aliyekuja kuwa meya wa Newark mwaka 2014.

Juni 1974 Baraka alifika Dar es Salaam kwenye Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika. Mwaka huohuo akauacha uzalendo wa rangi, akajitangaza Mmaksi. Wapo waliomwita kigeugeu. Mimi naona alikuwa anafanya kwenye siasa kile alichofanya jukwaani: akisikia mwenzake kabadili mwendo, naye anabadili. Ubaya wake ni kwamba kwenye siasa watu huwa wamekwishakufuata.

Mzee alisimama muda mrefu mbele ya picha za matembezi ya kuunga mkono Azimio. Naye alitembea, yuko shuleni, viatu kavibeba mkononi visichakae. "Na huyo Mmarekani wako alikuwa anatembea wapi?" Nikamweleza habari za Newark. Akatikisa kichwa, akauliza kama huko nako walikuwa na maduka ya ujamaa yasiyo na sukari.

Jioni ilikuwa uani nyuma ya gereji, upande wa Sakina. Viti vya plastiki, balbu moja, jiko la nyama pembeni, na machalii kama ishirini. Nilikuwa nimetafsiri shairi la kwanza la kitabu chake cha 1995, "Wise, Why's, Y's". Linamzungumzia mtu aliyejikuta kati ya maadui wanaomkataza kusema lugha yake na kumvunjia ala zake, na kumpigia marufuku hata mdundo wa ngoma. Kitabuni kila shairi Baraka kaliambatanisha na wimbo. Hili limepewa "Nobody Knows the Trouble I've Seen", wimbo wa kiroho wa enzi za utumwa, na mzee aliujua vizuri sana kutoka kwaya.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Mara ya kwanza aliupiga wote, beti hadi kiitikio, kifua wazi, sauti yangu ikazama. Machalii walipiga makofi kwa heshima.

"Tuanze noti gani?" akauliza.

"Usinifuate mimi, mzee. Sikiliza ninapovuta pumzi."

Alifungua kile kivalvu kidogo cha chini, akapuliza, mate yakadondoka mchangani. Akafuta mdomo wa ala kwa leso. Nilipoanza tena hakupiga kitu. Nikasoma mistari minne peke yangu, nikadhani kakasirika. Nilipofika kwenye kuvunjwa ala, akavuta mrija taratibu, sauti ikashuka kama lori linaloteremka Kibosho kwa gia nzito, na ikakatika kabla haijafika chini. Nikajikuta nangoja. Pale uani nilikuwa nimebeba karatasi yenye mistari iliyopangwa, na sasa sikujua mstari unaofuata uingie lini. Nikaurudia mstari uleule, yeye akaujibu kwa kipande cha wimbo, noti tatu tu. Kijana mmoja akaanza kugonga pipa.

Waliomwona Baraka jukwaani wanasimulia hivyo: anaimba kwa kuguna, anagonga meza, anaiga ngoma kwa mdomo, kisha anarudi kwenye neno. Ukimsoma kitabuni tu unabaki na nusu yake. Rekodi yake "New Music – New Poetry", pamoja na David Murray wa saksafoni na Steve McCall wa ngoma, ni watu watatu tu na inajaza chumba.

Chalii mmoja, msomaji sana, aliuliza kuhusu shairi lake la baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 kule Marekani, lile lililofanya jimbo la New Jersey lifute kabisa cheo cha mshairi wa jimbo mwaka 2003, maana yeye alikataa kujiuzulu. Nilimjibu ninavyoamini: ndani yake alirudia uzushi juu ya Waisraeli, na uzushi hausafishwi na saksafoni. Wengine hawakukubaliana nami. Tulibishana mpaka nyama ikaungua.

Halafu wakamwomba mzee awapigie na wao. Mistari ya faini za bodaboda, ya kodi ya chumba, ya binti wa Ngaramtoni. Aliwaambia wapunguze matusi, ila hakushusha tromboni.

Tumekubaliana tarehe 9 Januari ifanyike Moshi. Ukumbi umepatikana. Kinachotusumbua ni gitaa la besi: mwenye nalo anataka alipwe kwanza, na mzee anasema mtu wa namna hiyo hatasikiliza wenzake.