Hesabu iliyotuonyesha kinachotubana shambani

Nalima kilimo hai Kilolo, Iringa: ekari nne za viazi mviringo, mahindi na maharage. Kila Novemba ikikaribia, mimi na mume wangu tulikuwa tunabishana nini kiende wapi. Msimu uliopita nikafufua ile mada ya kidato cha nne ya linear programming, ya kuchora mistari ya masharti na kutafuta kona yenye faida kubwa. Mwanahisabati wa Kisovieti, Leonid Kantorovich, aliianza njia hii mwaka 1939 kwa shida ya mashine za plaiwudi huko Leningrad. Yetu ni ile ile, vitu vichache vinavyogombaniwa na kazi nyingi.

Jasho liko kwenye kuandika masharti. Ardhi, ekari nne. Samadi, mikokoteni 24, maana mbolea ya dukani hatutumii. Ekari ya viazi inakula 12, mahindi 6, maharage 2. Viazi visirudi palipokuwa na viazi au nyanya karibuni, kwa sababu mnyauko bakteria hukaa udongoni na unayashika yote mawili. Hapo zikabaki ekari mbili tu za viazi. Sharti la mwisho lilitoka kwa mama mkwe, ekari moja ya mahindi ya chakula: "Mwanangu, ugali hausubiri bei ya viazi." Nikaliandika kama alivyosema.

Faida kwa ekari, kwa shilingi, niliitoa kwenye daftari la mauzo: viazi 900,000, mahindi 400,000, maharage 350,000. Nikaingiza yote kwenye LibreOffice Calc, programu ya kompyuta ya majedwali ambayo ni ya bure, nikaiachia Solver, sehemu yake inayotafuta jibu bora. Ikajibu: viazi ekari 1.2, mahindi 1, maharage 1.8, faida 2,110,000. Mume wangu alitaka viazi ekari mbili, lakini hizo peke yake zingemaliza samadi yote.

Kilichonifurahisha zaidi ni pale nilipobadilisha namba moja moja. Samadi ikitoka 24 kwenda 25, faida inapanda 55,000. Ekari ya kukodi ingeongeza 240,000, na kodi yake ni 120,000. Kwa hela hiyo hiyo jirani anatuuzia mikokoteni sita, kila mmoja 20,000, nayo inaleta 330,000. Mume wangu alikuwa ameshaanza mazungumzo ya kukodi. Tulinunua samadi, viazi vikafika ekari 1.8.

Bei ya viazi ilinitia wasiwasi, hivyo nikashusha faida yake hadi 500,000. Mgawanyo haukubadilika hata kidogo, na hapo ndipo nilipoamini mpango wenyewe na kuita vibarua.

Sasa naingiza vinyungu, yaani bustani za kiangazi kule bondeni, njegere na mboga, kwa kuwa navyo vinadai samadi ya zizi lile lile.