Lita mbili nukta moja

Jana mwanangu karudi na homework ya sayansi, ahesabu mapigo ya watu wa nyumbani kwa dakika moja. Kamaliza yangu na ya bibi yake, akauliza, "Mama, na ya mjomba wa Houston?" Nikakwama. Mjomba wake ukimshika mkono huyapati mapigo, damu yake inasukumwa na ile HeartMate 3, pampu ya kusaidia moyo waliyomwekea kifuani, inayozunguka mara maelfu kwa dakika mfululizo.

Ule usiku ukanirudia wote. Saa tisa, Ipagala yetu ya Dodoma imelala, wifi anapiga video analia, mashine inapiga alamu na kaka anahema kama katoka kupanda mlima. CT scan imeonyesha mrija unaotoa damu kwenye pampu kuipeleka kwenye aota, ule mshipa mkuu wa damu, umebanwa. Wifi akageuza simu tuone kile kidude cha kiunoni, ambacho waya wake unaingia tumboni: 2.1. Ndo lita za damu kwa dakika, na sisi tumezoea kuona nne na kitu. Mama kasogeza uso mpaka miwani ikagusa kioo, "Hiyo mbili ndo nini?" Nikamwambia damu inayopita imepungua, mama. Hapo kaka akasikia sauti yake, akavuta pumzi, akasema, "Shikamoo mama." Yaani hali ile, pumzi hana, na bado anamwamkia! Mama akaitika, "Marahaba baba," huku anafuta kioo kwa kanga, anafuta tu, kioo chenyewe kilikuwa kisafi.

Madaktari walisema kufungua kifua mara ya pili ni hatari, makovu ya kwanza yameshikana, kwa hiyo wakapita kwenye mshipa wa kinenani na kateta, kimrija chembamba, mpaka ndani ya ule mrija uliobanwa, wakaupanua na stenti, kile kibomba cha wavu kinachouacha wazi. Wifi akatuma picha, 4.4. Mama akaniambia nisome tena, nikasoma, akaniambia tena.

Sasa mama anataka mwanae aje msimu wa zabibu. Kaka mwenyewe anataka. Kuna betri za kuchaji kila siku na umeme wetu mnaujua, kuna wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, ya kupimiwa damu, na hata kama hospitali ya Benjamin Mkapa wanapitisha kateta za moyo, pampu hii inataka watu walioizoea. Ila mama umri umeenda. Kila akiniuliza nimemwambia kaka nini, nasema bado tunaongea.