Picha Safi, Kichwa Kibovu

Swali ninalolikimbia siku hizi ni "utapona lini?" Linatoka kwa watu wanaonipenda, ndiyo maana linachosha. Ukivunjika mkono unafungwa hogo, kila mtu analiona, anakuhesabia wiki na kukubebea ndoo. Mimi nilijigonga kichwa kwenye bomba la daladala dereva aliposhika breki ghafla. Sikutoka damu wala sikuzimia. Nilishuka kituoni kwangu nikaenda kufungua fremu yangu ya ushonaji. Hiyo ilikuwa Machi; sasa ni Septemba na kizunguzungu bado kipo.

CT scan, ile picha ya ndani ya kichwa, ilitoka safi. Nyumbani walishangilia, na tangu hapo kila nikisema kichwa kinauma naambiwa, "Si picha ilikuwa safi?" Daktari alinieleza vizuri: kipimo kile kinatafuta damu iliyovuja na mfupa uliopasuka. Mtikisiko wa ubongo, ndio nilioupata mimi, kwa kawaida hauonekani humo, kwa kuwa kilichovurugika ni utendaji wa chembe za ubongo zenyewe. Watu wazima wengi hupona ndani ya wiki chache. Wengine dalili zinawaganda miezi mitatu na zaidi, na hakuna anayeweza kuwatajia tarehe ya kupona.

Kaka yangu ndiye aliyenielewa mapema, kwa sababu ya mpira. Ni shabiki wa Liverpool. Fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ya 2018 kule Kyiv, kipa wao Karius aligongwa kichwani, akaendelea kucheza, akafungwa magoli ya kizembe dunia nzima ikamcheka. Siku chache baadaye madaktari waliompima Boston wakasema alikuwa amepata mtikisiko wa ubongo. Kaka anakiri alimtukana msimu mzima. Mimi haniambii "jikaze".

Sasa kazi. Mimi ni fundi cherehani, na adui yangu amekuwa kitenge. Nikitandaza mezani kile chenye miduara au mistari ya kupindapinda, kinaanza kutembea, sakafu nayo inakifuata. Mtaalamu wa fiziotherapia anasema macho, sikio la ndani na shingo hushirikiana kuujulisha ubongo mwili uko wapi, na kwangu ushirikiano huo umelegea, hivyo ubongo unayategemea mno macho. Macho nayo yanadanganywa na maua ya kitambaa. Amenipa zoezi: nakazia macho herufi niliyobandika ukutani huku nikitikisa kichwa kushoto na kulia. Jirani anayeuza chipsi aliniona akauliza ni mwanaume gani huyo ninayemkataa kwa nguvu hivyo.

Mwanzoni shangazi alinifungia chumbani, pazia zimeshushwa, redio marufuku. Alikuwa na huruma, lakini giza lile liliniongezea mawazo tu. Ushauri wa siku hizi ni mwingine. Hata wataalamu wa majeraha ya kichwa michezoni waliokutana Amsterdam mwaka 2022 walisema punguza shughuli siku moja au mbili za mwanzo bila kujifungia kabisa, na kutembea taratibu kunaweza kuanza ndani ya siku hizo hizo. Kwa hiyo natembea alfajiri, kabla makondakta hawajaanza kuita abiria. Kizunguzungu kikizidi, napunguza mwendo. Kulala kitandani mchana kutwa sitaki tena.

Zinazonitisha zaidi ni siku nzuri. Siku nzuri nakwenda Kariakoo mwenyewe, nachagua vitambaa, nabishana bei, nacheka. Kesho yake nashindwa kutunga uzi kwenye sindano, na binti ninayemfundisha kazi anazima feni bila kuambiwa kwa sababu mlio wake unanichoma. Je, nimerudi nyuma, au ni jua na usingizi mdogo tu? Sijui. Nilikuwa na daftari la kuandika dalili kila jioni, nikaliacha. Lilinifanya nikae nakisikiliza kichwa changu kama mama anayesikiliza kichanga kinavyopumua, na ukisikiliza hivyo hukosi cha kusikia.

Jana alikuja bibi harusi wa Desemba. Anataka gauni lake pamoja na sare za wanakamati wote, kitenge cha mistari myembamba, nyeusi na njano. Kilipofunuliwa tu nilishika meza. Nikamwambia gauni jeupe nitalishona mimi, sare apeleke kwa fundi mwingine. Akasema, "Dada, mimi nilitaka vyote vitoke mkono mmoja," akaondoka akafikirie. Hela ya sare zile ingelipa kodi ya fremu hadi Machi.