Dawa za TB sugu baada ya enzi ya sindano

Kwa miaka mingi, mgonjwa wa TB sugu, yaani kifua kikuu kisichotibika kwa rifampisini na isoniazidi ambazo ndizo nguzo za matibabu ya kawaida, alitakiwa kumeza vidonge kwa miezi 18 hadi 24, na katika miezi ya mwanzo achomwe sindano ya kanamisini, amikasini au kapreomisini karibu kila siku. Sindano hizo huweza kuua seli za kusikia zilizomo ndani ya sikio, nazo zikifa hazioti tena.

Phumeza Tisile wa Khayelitsha, Afrika Kusini, alipona TB sugu lakini kanamisini ilimwacha kiziwi. Yeye na Nandita Venkatesan wa India, aliyepoteza usikivu kwa namna hiyohiyo, walipinga ombi la kampuni ya Johnson & Johnson la kurefusha hataza (haki ya kuwa mtengenezaji pekee) ya bedakwilini, dawa ya vidonge ya TB sugu, nchini India, na mwezi Machi 2023 ombi hilo likakataliwa, jambo lililofungua mlango wa nakala za bei nafuu. Sikumbuki mfano mwingine wa wagonjwa waliopigania kwa ukaidi namna hiyo dawa ambayo wao wenyewe hawakuihitaji tena.

Bedakwilini, iliyoidhinishwa Marekani mwishoni mwa 2012, hukizuia kimelea kujitengenezea nishati. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza itumiwe pamoja na pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini kwa miezi 6, bila sindano hata moja, kwa wagonjwa wa kuanzia miaka 14 wasio wajawazito. Katika jaribio lililofanyika Uzbekistan, Belarus na Afrika Kusini, asilimia 89 ya waliopewa mchanganyiko huo walipata matokeo mazuri, ilhali kwa waliotibiwa kwa utaratibu wa kawaida wa wakati huo ilikuwa asilimia 52.

Hata hivyo, vidonge hivi si vya kumezwa bila uangalizi. Linezolidi huleta ganzi na maumivu ya nyayo, hupunguza damu na huweza kudhuru neva ya jicho, ndiyo maana dozi ya miligramu 1,200 kwa siku iliyotumika katika majaribio ya awali ilishushwa hadi 600. Bedakwilini nayo huweza kuvuruga mapigo ya moyo, hivyo mgonjwa hupimwa moyo kwa mashine mara kwa mara.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni kwamba bedakwilini hukaa mwilini kwa miezi mingi. Mgonjwa akiacha tiba katikati, dawa nyingine hutoka mapema, nayo hubaki peke yake kwa kiwango kidogo ambacho kimelea hupata nafasi ya kukizoea. Usugu huo umekwisha kuonekana Afrika Kusini na Msumbiji, na kipimo cha GeneXpert, ambacho hugundua usugu wa rifampisini katika makohozi kwa muda wa saa 2 hivi, hakiuoni. Sampuli hulazimika kupelekwa kwenye maabara kubwa, na majibu huweza kuchukua wiki kadhaa huku mgonjwa akiendelea kumeza dawa ambayo pengine haimsaidii tena.